Visahani vikaidi vya gofu: kipi cha mtoto, kipi cha baba, kipi cha bingwa

Familia nyingi za kwetu zilizohamia Marekani na Uingereza zimeujua mchezo huu bila ya kuutafuta. Mmekwenda bustani ya umma Jumamosi, mmechukua chupa ya chai na sambusa, watoto wanakimbia, mara mnaona kapu la chuma limesimama peke yake kwenye majani, na juu yake minyororo inaning'inia. Anakuja kijana, anasimama mbali, anarusha kisahani cha plastiki. Minyororo inalia, kisahani kinaanguka kapuni, na yeye na wenzake wanaendelea na kapu jengine. Hiyo ndiyo gofu ya visahani. Katika bustani nyingi hailipiwi kitu, haitaki viatu vya pekee wala uanachama wa klabu, na bibi wa miaka 65 anaweza kucheza na mjukuu wake wa miaka 9.

Taabu inaanza dukani. Unakuta ukuta mzima wa visahani, rangi zote, vimeandikwa majina ya ndege na wanyama na silaha, na juu ya kila kimoja namba nne. Baba anamtazama mtoto, mtoto anamtazama baba, na mwisho kinachukuliwa kile alichokishika bingwa kwenye video.

Mimi kila kiangazi nikienda Ohio kwa mwanangu huulizwa suala moja na kina baba: mwalimu, tununue visahani gani? Nilisomesha fizikia miaka mingi na mwanangu anacheza kila wiki, kwa hivyo wanaona jawabu ninalo. Jawabu langu huwa refu kuliko wanavyotaka, na sehemu yake kubwa inahusu aina moja tu, ile ambayo wachezaji wanaiita ovastebo. Kwa Kiswahili mimi naviita visahani vikaidi. Aina hii vijana wanaisifu kupita kiasi, na inaishia mikononi mwa watu wasioihitaji bado. Tena ndiyo inayomfanya mtoto aamini kwamba mchezo huu hakuandikiwa.

Ukaidi wenyewe ni nini

Chukua mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa mgongo wa mkono, yaani mkono unaanzia kushoto ya kifua na kufunguka kwenda mbele, kama mtu anayechomoa upanga ulio ubavuni. Kisahani kinaondoka kikizunguka kama akrabu za saa, ukikitazama kutoka juu. Safari yake ina nusu mbili. Mwanzoni kina kasi, na hapo hutaka kulalia kulia. Mwishoni kasi imekwisha, na hapo hulalia kushoto na kuanguka. Karibu kila kisahani cha gofu kina tabia hizi mbili. Wanapotofautiana ni kiasi.

Kisahani kikaidi kinaikataa ile tabia ya kwanza na kuizidisha ya pili. Hata ukikirusha kwa nguvu zako zote hakilalii kulia, na kasi ikipungua tu kinakata kushoto kwa ghadhabu. Kinyume chake ni kisahani kitiifu, ambacho mkono mwepesi unaweza kukilaza kulia, kikaelea, kisha kikarudi kidogo tu. Baina ya hivyo viwili viko vya kwenda sawa.

Anayerusha kwa mkono wa kushoto ageuze kila nilichosema: kulia iwe kushoto, kushoto iwe kulia. Na anayerusha kwa kiganja, mtindo ule wa kurusha kijiwe bapa kiruke-ruke juu ya maji, naye ageuze vilevile, kwa sababu kisahani chake kinazunguka kinyume. Nitarudi kwa watu wa kiganja, maana wao wana hesabu yao.

Kwa nini kisahani kina tabia hii? Ndugu msomaji, nipe dakika moja ya darasani. Hewa inayokinyanyua kisahani haisukumi katikati yake hasa. Kikiwa na kasi kubwa, msukumo unakuwa nyuma kidogo ya kitovu, kwa hiyo unataka kukiinamisha pua. Lakini kitu kinachozunguka hakiinami pale unapokisukuma, kinainama robo ya mzunguko baadaye. Aliyecheza pia utotoni amekwisha kuliona hilo: pia inayozunguka ukiigusa ubavuni haiangukii upande uliousukuma, inayumba upande mwengine. Ndiyo maana msukumo wa kuinamisha pua unageuka kuwa mlalo wa kulia. Kasi ikipungua msukumo unahamia mbele ya kitovu, na mlalo unakuwa wa kushoto. Mtengenezaji akibadilisha umbo la ukingo anabadilisha pale msukumo unapokaa, na hapo ndipo ukaidi na utiifu vinapotengenezwa.

Zamani hayakuwepo mambo haya. Walter Frederick Morrison aliyebuni kisahani cha kuchezea kilichouzwa na kampuni ya Wham-O kuanzia 1957 alitaka kitu cha kurushiana ufukweni tu. Ed Headrick, aliyefanya kazi Wham-O, ndiye aliyeweka uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani, Oak Grove huko California, 1975, na ndiye aliyebuni kapu la minyororo. Mwaka wa pili yake, 1976, ukaundwa umoja wa wachezaji, PDGA. Bwana huyu aliupenda mchezo kiasi kwamba alipofariki 2002 majivu yake yalichanganywa na plastiki ya visahani, kwa wasia wake. Haya, kila watu na ada zao. Lakini mageuzi makubwa yalikuja 1983, Dave Dunipace alipotengeneza kisahani chenye ukingo uliochongwa mshazari badala ya ukingo mnene wa mviringo. Kisahani kikakata hewa, kikaenda mbali, na tangu hapo visahani vikaanza kugawanyika kwa tabia.

Namba nne

Kampuni ya Innova, aliyoianzisha Dunipace na wenzake, ndiyo yenye mfumo wa namba nne ambao karibu kampuni zote sasa zinaufuata. Ya kwanza ni kasi, kuanzia 1 hadi 14 au zaidi kidogo. Ya pili ni kuelea, mpaka 7. Ya tatu ni kukengeuka, yaani ule mlalo wa kulia wa mwanzo: hasi kubwa maana yake kinalala sana, sifuri maana yake hakilali, na chache zina hata nusu au moja ya chanya. Ya nne ni kurejea, ule mkato wa kushoto wa mwisho, kuanzia 0 hadi 5.

Ukitaka kujua ukaidi, acha namba mbili za mwanzo, soma mbili za mwisho pamoja. Ya tatu ikiwa 0 au zaidi na ya nne ikiwa 3 au zaidi, umeshika kikaidi. Firebird ya Innova ni 9, 3, 0, 4. Felon ya Dynamic Discs ni 9, 3, 0.5, 4. Zone ya Discraft, ambayo ni ya mitupo mifupi, ni 4, 3, 0, 3. Linganisha na Leopard ya Innova: 6, 5, -2, 1. Hiyo ni kitiifu, tena haina makuu.

Na hapa pana mtego ambao muuzaji asiyejali hatakwambia. Namba hizo zinamhusu mtu anayekirusha kisahani kwa kasi iliyokusudiwa. Destroyer ya Innova ni 12, 5, -1, 3. Kwenye karatasi si kikaidi sana, maana ina -1 pale pa tatu. Kwa mkono wa bingwa kweli inalalia kulia kidogo, inaelea, inarudi. Kwa mkono wa mtu wa kawaida haifiki kasi ile ya 12, kwa hiyo nusu ya kwanza ya safari haipo kabisa. Inabaki nusu ya pili tu. Kisahani kinaondoka mkononi kikiwa tayari kimechoka, na kinakata kushoto mita 20 mbele yako. Kisahani chochote cha kasi kubwa ni kikaidi kwa mkono mdogo. Hilo ndilo jambo moja ambalo ningependa kila mzazi alishike kabla hajatoa pesa.

Vilevile kila kampuni inajipangia namba zake yenyewe. Hakuna mwalimu mmoja anayesahihisha mitihani ya wote. Kwa hiyo ukiwa dukani tumia macho pia. Kiweke kisahani juu ya meza, inama mpaka jicho liwe sawa na ukingo. Utauona mshono unaozunguka ukingo pale sehemu ya juu na ya chini ya umbo zilipokutana. Ukilinganisha viwili vya jina moja, ambacho mshono wake uko juu zaidi kwa kawaida ndicho kikaidi zaidi. Tazama na mgongo wake: uliobinuka kama kifuniko cha sufuria huelea zaidi, uliolala bapa kwa kawaida hukata mapema.

Mtoto wa miaka kumi na mbili

Kiangazi kimoja tulikuwa uwanjani na jirani wa mwanangu, mtu wa Mombasa, baba mwema, kamleta binti yake wa miaka 12. Alikuwa amemnunulia visahani vinne katika duka moja la vifaa vya michezo, na mtu wa dukani alimpa vyote vya kasi 12 na 13, vyote vya gramu 170 na kitu, akamwambia hivi ndivyo wanavyotumia mabingwa. Haukuwa uongo. Vilikuwa ndivyo.

Mtoto akarusha. Kushoto, vichakani. Akarusha cha pili. Kushoto, vichakani. Kufika kapu la nne hakuna aliyezungumza, kila mtu ana kazi ya kufunua majani kutafuta visahani. Baba akanijia pembeni akaniambia, na mtoto anasikia, "Mwalimu, huyu mkono hana. Kachukua kwa mamake."

Wazazi wenzangu, mtoto akiambiwa neno kama hilo na babake halitoki. Nimeshika chaki zaidi ya miaka thelathini, nimeona watoto wenye akili ya hesabu walioacha hesabu kwa sababu ya sentensi moja ya mtu mzima aliyekuwa na haraka. Na hapa hata hakikuwa kipaji kinachojaribiwa. Ule ulikuwa ni mkono wa kilo 38 umepewa kifaa cha mtu wa kilo 90.

Mwanangu akafungua mkoba wake akatoa Leopard ya gramu 150, imechakaa ukingo, ana nayo tangu alipoanza. "Haya mwanangu, hebu jaribu hii. Usiitie nguvu, iache izunguke." Msichana akairusha. Ikaenda mbele, sawasawa, ikalalia kulia kidogo, ikatua kwenye majani mafupi. Nilihesabu hatua zangu kuifikia: 47. Vile vya mwanzo nilikuwa sijavihesabu zaidi ya 30. Hakusema kitu, lakini alikwenda mbio kuiokota, na tangu asubuhi hakuwa amekwenda mbio.

Babake alivichukua vile vinne avitumie mwenyewe. Navyo vikamwendea kushoto, vichakani. Akasema ni upepo.

Basi kwa anayeanza, awe mtoto au mtu mzima, mtupo wake ukiwa haupiti nusu ya uwanja wa mpira wa miguu, yaani kama mita 50, hana haja ya kisahani kikaidi cha masafa. Kabisa. Apate kimoja kitiifu cha kasi ya 6 au 7, kimoja cha kati kinachokwenda sawa kama Buzzz ya Discraft, na kimoja cha kumalizia kapuni kama Aviar. Mtoto apewe uzito mdogo, gramu 140 hadi 160. Kanuni za PDGA zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya upana, na kwa kuwa visahani vingi vina sentimita 21 na kidogo, kikomo chake ni kama gramu 175. Hicho ni kikomo, si kipimo cha uanaume.

Kikaidi kimoja tu ndicho ninachokikubali mkobani mwa anayeanza, nacho kiwe cha polepole: Zone, au Berg ya Kastaplast ya Uswidi, ambayo ni 1, 1, 0, 2. Hivi ni vya karibu na kapu, mita 20, 30. Faida yake ni kwamba haviteleki mbali. Kapu likiwa juu ya kilima au maji yako nyuma yake, kisahani kinachoelea kitakupita na kuzama. Berg inaanguka pale ulipoituma kama kifurushi. Kwa kasi ndogo hivyo hata mkono wa mtoto unaitosha, kwa hiyo tabia yake anaiona na anajifunza kuitegemea. Binti yule mwaka wa pili nilimkuta na Zone ya rangi ya waridi, anaizungusha nyuma ya mti kwa mkato wa kushoto, na babake anajitia hatazami.

Mkono wa kati na mkono mzito

Utajuaje umevuka? Simama kwenye mstari wa goli la uwanja wa mpira, siku isiyo na upepo, rusha visahani vyako vitano vya kasi 7 vya kwenda sawa, bila ya kukimbia sana. Vingi vikitua kwenye robo tatu ya uwanja, mita 75 hivi, na vikitua karibu karibu, si kimoja huku na kimoja kule, sasa umefika pahala ambapo Firebird au Felon itakufaa.

Kwa mtu huyu wa kati kisahani kikaidi hakiongezi masafa. Wengi hapo ndipo wanapopotea. Kinakwenda karibu zaidi kuliko Leopard yake. Anachokinunua ni uhakika wa kushoto. Njia ikikunja kushoto nyuma ya miti, kisahani cha kwenda sawa unakiomba dua, kikaidi unakiagiza. Ukiwa umenaswa nyuma ya shina na pana upenyo mmoja tu, unakirusha kimeinamishwa kulia, kinapita kwenye upenyo, kinakataa kuendelea kulia, kinajinyoosha chenyewe na kurudi. Kikigusa ardhi kwa ubavu kinateleza kushoto mita kadhaa zaidi, na wajuzi wanayahesabu mateleezi hayo kama sehemu ya mtupo.

Kimoja kinamtosha. Ukimwona mchezaji wa kati ana vikaidi vitano, ujue anafidia mkono usionyooka. Mtu ambaye kiwiko chake kinachelewa na kisahani kinaondoka kimeinama kulia atapenda vikaidi, kwa sababu vinamficha kosa lake: anarusha vibaya, kisahani kinajirekebisha. Mwaka mzima utapita hajui kwamba hajui. Kisahani kitiifu hakifichi, kinakusema hapo hapo mbele za watu. Ndiyo maana mimi nikimwona mtu mzima anafanya mazoezi kwa Leopard au kwa Aviar peke yake, namheshimu.

Mkono mzito ni habari nyengine. Mtu anayefikisha uwanja mzima wa mpira, mita 100 na zaidi, kila siku na si siku moja ya bahati, huyo sasa kasi ya 12 na 13 ni yake. Kwake visahani vitiifu vinapinduka na kulala chini, kwa hiyo ukaidi ni lazima, kama jahazi kubwa linavyotaka farumi. Yeye atakuwa na kikaidi cha karibu, kikaidi cha kasi 9, na kikaidi cha masafa, na atajua kila kimoja cha siku gani. Hata hivyo tusidanganyike na mabingwa. Mashindano ya dunia ya 2021 huko Ogden, Utah, James Conrad alikuwa nyuma kwa pointi moja kwenye kapu la mwisho, mbali mita 75, na Paul McBeth anangojea kombe. Conrad akarusha kisahani cha kumalizia, kile cha polepole kabisa, kikaingia kapuni kutoka hapo, wakaenda muda wa ziada, akashinda. Mkoba wake ulikuwa umejaa vya kasi.

Kiganja, upepo na mlima

Sasa watu wa kiganja. Vijana wetu waliokulia Maskati na Dubai wakicheza kriketi barazani na mtaani wanakuja na mtupo wa kiganja tayari, ule wa kurudisha mpira kwa ubavu. Mtupo huu una nguvu lakini kisahani mara nyingi kinaondoka kikitetemeka. Kitiifu kikitetemeka kinapinduka na kuanguka. Kikaidi kinavumilia, kinatulia njiani. Kwa hiyo kijana wa kiganja anaruhusiwa kushika kikaidi mapema kuliko mwenzake wa mgongo wa mkono, na Firebird ndiyo inayopendwa sana kwa kazi hii. Kwake itakata kulia mwishoni. Lakini aanze na Zone kwanza, na asivute kwa kiwiko peke yake. Kiwiko cha kijana wa miaka 15 kinachorushia kisahani kigumu mara mia kwa siku kitamuuma, na maumivu ya kiwiko hayaondoki kwa siku mbili.

Upepo ndio unaowafanya hata wanaoanza waulizie vikaidi, na wako sawa nusu. Upepo wa mbele, ule mabaharia wetu wakiuita wa mbisho, ni sawa na kuongezewa kasi: hewa inakipita kisahani mbio zaidi, kwa hiyo kinalalia kulia zaidi kuliko ulivyozoea. Kisahani cha kwenda sawa kinakuwa kitiifu, kitiifu kinakuwa hakifai. Hapo kikaidi kinasimama. Upepo wa nyuma ni kinyume chake, kila kisahani kinakuwa kikaidi zaidi na kuanguka mapema, kwa hiyo weka kikaidi mkobani utoe kitiifu. Rekodi ya dunia ya masafa, mita 338 za David Wiggins Jr. mwaka 2016 jangwani Nevada, ilirushwa na upepo mkali nyuma.

Walioko Denver wana jambo lao pia. Mji ule uko kama mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, na visahani vyote vinakuwa vikaidi kuliko namba zao. Familia inayohama kutoka Houston kwenda Denver isishangae visahani vile vile vikianza kukata kushoto. Washuke daraja moja, wanunue vitiifu zaidi. Na anayeishi kwetu Ghuba akitaka kuwafundisha watoto jioni ufukweni kabla ya kwenda kuwatembelea ami zao Marekani, upepo ule wa baharini unatosha kuwaonesha yote niliyoyasema: mtoto arushe kisahani kimoja kuelekea baharini, kisha kile kile akipe upepo mgongo. Ataona kwa macho. Aangalie tu asiwe karibu sana na maji, maana vingi vinazama.

Kununua na kuchakaa

Kisahani cha plastiki ya kawaida Marekani kinakwenda dola 8 hadi 12 hivi, cha plastiki ngumu dola 15 hadi 20. Kwa anayeanza nunua ya kawaida. Inashikika vizuri zaidi mkononi wakati wa baridi, na ikipotea moyo hauumi. Ubaya wake, au uzuri, ni kwamba kila inapogonga mti ukingo unaliwa na ukaidi unapungua. Kikaidi cha plastiki ya kawaida baada ya miezi ya kugonga miti kitakuwa cha kwenda sawa, na kikizidi kitakuwa kitiifu. Kwa kisahani cha Firebird hilo si jema, kwa hiyo kikaidi cha kasi kinunuliwe plastiki ngumu, kikae miaka na tabia yake.

Mwanangu ana Firebird tatu za umri tofauti, kila moja imeandikwa mwaka kwa wino ndani ya ukingo pamoja na namba ya simu. Mpya ni ya upepo wa mbele. Ya kati ni ya kuzungukia miti. Ya zamani, iliyokwaruzika mpaka jina halisomeki, ndiyo aliyompa babake Mombasa yule alipochoka kuingia vichakani, na anaiita kwa jina la kumkejeli kidogo: Pensheni. Ukikuta jirani anauza au anagawa vya zamani namna hii, vichukue. Pitisha kidole kwenye ukingo; ukikuta umekwaruzika sana lakini haujapasuka, jua ukaidi umeshapungua na kinafaa kwa mkono wa kati. Ukiona ufa, hata mdogo, kirudishe, maana siku ya kugonga mti kwa nguvu kitavunjika na kipande chenye ncha hakichagui cha kumpiga.